Mtoto wako na mbio za barafu: maneno ya mnoaji wa Kearns

Tangu Julai 2024, Salt Lake City ilipopewa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2034, Waswahili wa bonde hili wamenigundua. Zamani nilikuwa tu yule Mchaga anayenoa viatu vya barafu kule Kearns, kwenye uwanja wa mbio za barafu jirani na Salt Lake City. Siku hizi nikitoka ibadani nakuta mama mmoja au baba mmoja kasimama karibu na gari langu. "Shikamoo Fundi. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Hesabu inakubali?"

Marahaba, inakubali. Mwaka 2034 atakuwa na miaka ishirini hivi, umri mzuri kabisa. Ila hesabu ya umri ndiyo nyepesi kuliko zote. Nimeona niandike hizi nyingine, maana pale kwenye maegesho hatumalizi, na Mama Neema wangu akianza kupiga honi ndiyo basi.

Ni michezo miwili

Kuna uwanja mkubwa na uwanja mdogo. Uwanja mkubwa ni mzunguko wa mita 400 wenye njia mbili. Wanakimbia wawili wawili, lakini mpinzani wa kweli ni saa: anayepata muda bora siku hiyo ndiye mshindi, hata kama alikimbia jozi ya kwanza na wengine wote wakaja baadaye. Mbio zake huanzia mita 500 hadi 5000 kwa wanawake na 10,000 kwa wanaume, mbali na zile za timu na zile ambazo kundi zima huanza pamoja.

Uwanja mdogo ni mzunguko wa mita 111.12 unaochorwa ndani ya uwanja wa hoki. Huku wanaachiwa kwa pamoja, wanagombea kona, wanaangushana, na anayetangulia kuvuka mstari ndiye mwenyewe. Muda wake haumsumbui mtu.

Mtoto aanzie uwanja mdogo. Kona zimejaa, kwa hiyo anajifunza kupishanisha miguu na kulala upande akiwa bado hana woga. Shani Davis wa Chicago alikua akicheza yote mawili, na ndiye mwanamume aliyechukua dhahabu ya mita 1000 kwenye Olimpiki ya Turin 2006 akaichukua tena Vancouver 2010. Ukimtazama kwenye kona unaona shule ya uwanja mdogo.

Na kama unadhani mchezo huu si wa watu wetu, mtafute Maame Biney kwenye picha. Amezaliwa Ghana, akaja Marekani kwa baba yake akiwa na miaka mitano. Baba aliona tangazo la mafunzo ya kuteleza kwenye barafu kando ya barabara, akamuuliza binti kama anataka kujaribu. Walimpeleka kwenye ule mchezo wa kucheza na kuzunguka kwa madaha. Walimu wakasema huyu ana kasi mno, mpelekeni kwenye mbio. Desemba 2017, hapa hapa Kearns, akiwa na miaka 17, alishinda mita 500 za mchujo na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia timu ya Marekani ya uwanja mdogo kwa Olimpiki. Tangazo la kando ya barabara! Sasa wewe unayepita mbele ya jengo lenyewe kila asubuhi ukienda kazini?

Mwaka wa kwanza usinunue kitu

Anza na vipindi vya kawaida na viatu vya kukodi, kisha darasa la wanaoanza, kisha klabu. Klabu nyingi zina viatu vya mbio vya kuazima au kukodisha kwa msimu. Ulizia. Mguu wa mtoto unakua, na seti ya juu ya kiatu cha kaboni pamoja na bapa lake, yaani chuma chembamba cha chini kinachokata barafu, inaweza kupita dola 2,000. Nimeona baba akimnunulia mtoto wa miaka tisa seti ya namna hiyo "ili ajisikie". Alijisikia mpaka Aprili, kisha kidole gumba kikagonga mbele.

Kiatu kiwe kinabana kuliko cha kwenda shuleni, kisigino kisicheze hata kidogo. Wakubwa wengi huvaa bila soksi au kwa soksi nyembamba sana. Usimvalishe mtoto soksi mbili eti kuna baridi. Mguu unaelea ndani na hawezi kuhisi makali. Cha kununua mapema ni vya usalama: helmeti, glavu zisizokatika kirahisi, kinga ya shingo, kinga za magoti na za ugoko. Bapa la mwenzake likimpitia wakati ameanguka, hakuna cha "pole".

Baadaye, akihamia uwanja mkubwa, atahitaji viatu vya klapu. Hivi vina bawaba mbele, chini ya vidole. Akisukuma, kisigino kinainuka lakini bapa linabaki barafuni sekunde kidogo zaidi, kisha springi inalirudisha kwa sauti ya ta! Ni kazi ya watafiti wa Vrije Universiteit ya Amsterdam. Vijana wa Uholanzi walivijaribu kwenye miaka ya 1994 na 1995, na kufika Olimpiki ya Nagano 1998 asiyekuwa navyo alikuwa amekuja kutalii. Uwanja mdogo haviruhusiwi. Kule bapa limeganda kwenye kiatu, na limesogezwa na kukunjwa kushoto kidogo ili kiatu kisiguse barafu anapolala kwenye kona.

Kukaa chini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa si methali, ni amri ya kocha. Magoti yamekunjwa karibu pembe mraba, kiuno kimeshuka, mgongo umelala, kichwa kinatazama mbele. Kwa kasi ya kilomita 50 na zaidi kwa saa, hewa ndiyo mzigo mkubwa, na anayesimama wima anaubeba wote. Pia mguu uliokunjwa sana una nafasi ndefu ya kusukuma kabla haujanyooka.

Msukumo ni wa kwenda pembeni. Hili huwatesa watoto wetu waliozoea kukimbia, kwa sababu mkimbiaji anapiga teke nyuma. Barafuni ukipiga nyuma, bapa linakwaruza tu na hupati kitu. Unasukuma pembeni kwa ubavu mzima wa bapa, uzito unahamia mguu wa pili, unateleza juu yake kwa utulivu, ndipo unasukuma tena. Watoto wenye nguvu ndio huwa na haraka ya kukanyaga kanyaga. Waambie waone misukumo mingapi wanaweza kuipunguza kwenye mita 100 bila kupoteza kasi.

Kwa mazoezi ya nyumbani, tengeneza ubao wa kutelezea. Nunua ubao mmoja laini wenye uso wa plastiki kama ule wa kabati za jikoni, wa urefu wa mita mbili hivi, kwa mtoto mdogo upungue kidogo. Piga vibao vya kuzuia kila mwisho, vikiwa vimeinama kidogo upande wa nje ili mguu uvisukume vizuri. Paka dawa ya kung'arisha samani. Mtoto avae soksi kuukuu juu ya raba, akae mkao wa chini, ateleze kulia na kushoto. Nusu dakika kazi, nusu dakika pumziko. Mara za kwanza mapaja yatawaka na atakuambia ubao umeharibika. Haujaharibika.

Kunoa: haya ni yangu, nivumilieni

Mzazi akikumbuka sehemu moja tu ya andiko hili, iwe hii. Usipeleke viatu vya mbio kwenye mashine ya kunolea viatu vya hoki. Bapa la hoki huchimbwa mfereji katikati ili litoe makali mawili. Bapa la mbio ni jembamba, kama milimita 1.1 kwa uwanja mkubwa, na chini yake ni tambarare kweli kweli, kona mbili za nyuzi 90. Mashine ikipita mara moja, fedha imekwenda.

Tena, ukililaza bapa la mbio juu ya kioo utaona halikunyooka. Lina mkunjo mdogo mno toka mbele hadi nyuma, kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha zaidi ya mita 20 kwa uwanja mkubwa. La uwanja mdogo limepinda zaidi. Mkunjo huo ndio unaomwezesha kugeuka, na jiwe la mtu asiyejua huumaliza kidogo kidogo bila yeye kufahamu.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Vikaze viatu vyote viwili kichwa chini kwenye fremu ya kunolea, mabapa yakiwa sambamba na yamelingana urefu. Paka wino wa kalamu nene kwenye chuma chote cha chini. Weka mafuta kidogo kwenye jiwe, lilaze juu ya mabapa yote mawili kwa pamoja, pitisha mara chache kwa mshazari, mwanzo hadi mwisho, mkono mwepesi na uzito ule ule. Tazama wino: palipobaki, jiwe halijagusa, na maana yake fremu haijakaa sawa. Rekebisha fremu, usikandamize mahali pamoja. Hapo ndipo wengi wanaua mkunjo.

Wino ukiisha wote kwa usawa, endelea hadi ukucha wako, ukiuvuta toka ubavuni kuelekea makalini, ukwame kwenye kiuzi chembamba cha chuma kilichojikunja. Kiuzi hicho kiwepo pande zote nne, toka vidoleni hadi kisigino. Kisha badili jiwe, tumia laini zaidi, punguza uzito wa mkono. Mwisho chukua kijiwe kidogo cha ubavuni, kilaze tambarare kabisa kwenye ubavu wa chuma na upitishe taratibu mara moja au mbili kuondoa kiuzi. Ukikiinamisha hata kidogo umeyala makali uliyoyatafuta muda wote huo. Kujaribu: kwaruza uso wa ukucha polepole, makali mazuri yanatoa unga mweupe, mabovu yanateleza.

Futa mafuta, kausha. Vile vifuniko vigumu vya plastiki ni vya kutembelea tu hadi ukingoni. Kwenye begi tumia vya kitambaa. Nikifungua begi nikakuta bapa limelala na maji ndani ya plastiki, najua kuna kutu kabla sijaangalia, na mwenye begi anajua nitakachosema.

Mtoto akifika miaka 13 au 14 ajinolee mwenyewe. Nakosa wateja kwa ushauri huu, lakini asiyejua makali yake hawezi kumweleza kocha kama kateleza kwa kosa la mguu au la chuma.

Mwaka unavyokwenda

Mashindano ni kama Oktoba hadi Machi. Aprili ni mapumziko, na yawe mapumziko kweli. Kuanzia Mei ni nchi kavu: baiskeli kwa wingi, kuruka pembeni, kutembea ukiwa umechuchumaa, ule ubao, na vyuma kwa waliokomaa. Barafu inarudi katikati ya kiangazi. Kwa kuwa mchezo wote unakata kushoto, mwili hujengeka upande. Nchi kavu ni mahali pa kuusawazisha. Maumivu ya kiuno, ya nyonga kwa ndani, na ya juu ya mguu zinapopita kamba ndiyo ya kawaida. Kikohozi kinachomjia kila akimaliza mbio usikiite mafua tu. Hewa baridi na kavu hubana mapafu ya wengine, na daktari ana dawa yake.

Nyumbani Waganda na Wakenya wanapanda milimani kufanya mazoezi ili wakashindane chini. Huku watu wanakuja mlimani kushindana. Uwanja wa Utah Olympic Oval uko mita 1,425 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, haikuzuii sana, ndiyo maana rekodi nyingi za dunia zimewekwa hapa. Jordan Stolz wa Wisconsin alikimbia mita 1000 hapa kwa 1:05.37 Januari 2024, rekodi ya dunia. Kwa hiyo mtoto akirudi na muda wa Kearns, usiulinganishe na wa binamu yake wa Milwaukee au na wa Heerenveen, Uholanzi, ambako uwanja uko karibu sawa na bahari. Linganisha muda wa hapa na wa hapa. Muwe na daftari: tarehe, uwanja, mbio, muda wa kila mzunguko. Mizunguko ya mwisho ikiporomoka sana, shida ni ama pumzi ama ameshindwa kukaa chini. Kocha ataitambua kwa daftari hilo haraka kuliko kwa hadithi zako.

Kwenye mbio za jozi, wa ndani anavaa kitambaa cheupe mkononi, wa nje chekundu, na kila mzunguko wanabadilishana njia ili umbali ulingane. Wakikutana hapo, anayetoka nje kuingia ndani ndiye mwenye haki. Anayetoka ndani ndiye wa kuepusha mgongano. Mtoto alijue hili kama jina lake. Na kwenye kuanza: mmoja akiwahi, jozi nzima imeonywa. Atakayewahi mara ya pili anatolewa, hata kama ya kwanza haikuwa yake.

Karatasi

Hapa ndipo ndoto nyingi za watu wetu hukwama, na hakuna kocha atakayekuambia. Kuchezea Marekani Olimpiki lazima mtoto awe raia. Klabu na mashindano ya watoto hayaulizi, kwa hiyo mnaweza kwenda miaka bila kugundua.

Mimi si wakili, mtafuteni mmoja. Ila kwa ufupi: mkimbizi huomba kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, baada ya mwaka mmoja nchini, na mzazi anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, ambao kwa mkimbizi huhesabiwa tangu alipoingia. Mzazi akiapishwa wakati mtoto hajafika miaka 18, anaishi naye hapa na ana kadi ya kijani, mtoto anakuwa raia hapo hapo kisheria. Baba Amani, ule mtihani wa Kiingereza unaouahirisha kila mwaka ni sehemu ya mazoezi ya mwanao. Akifika timu ya vijana atasafiri Ulaya na Asia, na hati ya mkimbizi mara nyingi huhitaji viza.

Kuchezea nchi ya nyumbani inawezekana tu kama nchi hiyo ina chama mwanachama wa ISU, shirikisho la dunia la mchezo huu. Uliza kwanza kabla ya kushona bendera.

Kupanda ngazi, na fedha

Ngazi ni klabu, mashindano ya taifa ya rika, vijana wa dunia, Kombe la Dunia, ndipo mchujo wa Olimpiki. Umri wa vijana hukatwa tarehe 1 Julai, kwa hiyo aliyezaliwa Juni na aliyezaliwa Julai wanaweza kuwa makundi tofauti. Nchi hupata nafasi zake kupitia Kombe la Dunia, na haziwezi kuzidi 3 katika mbio moja ya mtu binafsi. Nchi yenye watu wengi wa kasi, kama Uholanzi, huwaacha nyumbani watu ambao kwingine wangepeperusha bendera.

Mwaka 2022 Erin Jackson alikuwa akiongoza msimu wa Kombe la Dunia kwa mita 500, akajikwaa kwenye mchujo wa Milwaukee, akakosa nafasi. Brittany Bowe, aliyeshinda, alimwachia yake. Jackson akaenda Beijing akachukua dhahabu kwa 37.04, mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu binafsi kwenye Olimpiki ya baridi. Wote wawili wanatoka Ocala, Florida, ambako hakuna baridi. Walikulia kwenye skeiti za magurudumu.

Mchezo huu haulipi. Nchini Uholanzi kuna timu za biashara zenye mishahara. Huku wengi wanaishi kwa posho, wazazi na kazi ya ziada. Dhahabu ya Beijing ilimletea Mmarekani dola 37,500 kutoka kamati ya Olimpiki, na hiyo ni dhahabu. Derek Parra, aliyeshinda mita 1500 hapa Kearns 2002, alikuwa akifanya kazi dukani Home Depot. Mwaka 2009 benki ya Kiholanzi DSB, mfadhili wa timu ya Marekani, ilifilisika miezi michache kabla ya Olimpiki, na timu ikaokolewa na michango ya watazamaji wa kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Stephen Colbert.

Na msifikiri habari za ufadhili wa chuo kama wakimbiaji wetu. Mbio za barafu hazimo kwenye michezo ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Shule lazima isimame kwa miguu yake. Jackson ana shahada ya uhandisi. Eric Heiden, aliyeshinda dhahabu tano Lake Placid 1980, akawa daktari wa mifupa, tena hapa hapa Utah. Mzazi anayemtoa mtoto shule akiwa na miaka 14 "ajikite kwenye barafu", mimi simnolei. Nimeshasema hivyo mbele ya watu na nitarudia.

Kwa walioko nyumbani

Vijana wa Nairobi na Dar wananiandikia: sisi tuna lami na skeiti za magurudumu, tufanyeje? Endeleeni na lami. Mkao ni ule ule, msukumo wa pembeni ni ule ule, kupishanisha miguu ni kule kule. Parra, Jackson, Bowe, Bart Swings wa Ubelgiji, wote walitoka kwenye magurudumu. Mbio za magurudumu hazimo kwenye Olimpiki, ndiyo sababu wenye kiu ya medali hiyo huhamia barafuni. Tofauti kubwa utakayoikuta ni kwamba barafu haikusamehei ukisukuma mapema kabla uzito haujakaa, na kwamba gurudumu lina mshiko ambao chuma hakina. Tengenezeni ule ubao. Jipigeni video kwa ubavu na kwa mbele, mzilinganishe na za wakubwa, mtazame magoti. Atakayepata safari ya kuja huku aniletee saizi ya mguu kwa milimita, amechora wayo wote miwili kwenye karatasi akiwa amesimama, jioni, wakati mguu umevimba kidogo. Saizi ya kiatu cha dukani hainisaidii.